Mchoraji Asiyevua Kofia

Kwa zaidi ya miaka 30, panya mmoja alimrushia paka tofali la kichwa katika magazeti ya Marekani, na kila lilipompata, paka yule alifurahi. Hakulipiza, hakukimbia, hakwenda kushtaki. Kwake tofali lilikuwa salamu ya mapenzi. Panya, aitwaye Ignatz, alirusha kwa chuki ya kweli. Paka, aitwaye Krazy, alipokea kwa moyo mweupe. Na mbwa askari, Offissa Pupp, aliyempenda paka bila kuthubutu kutamka, alimkamata panya na kumsweka katika jela iliyojengwa kwa matofali. Kisa chote ni hicho. Wazee wetu walisema paka akiondoka, panya hutawala. Katika katuni hii, iliyoitwa Krazy Kat, paka hakuondoka hata siku moja, na panya akatawala.

Aliyeichora ni George Herriman. Nimemsoma kwa miaka mingi, ukurasa baada ya ukurasa, na naamini kwamba katika historia yote ya katuni za magazetini hakuna aliyefika alikofika yeye. Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni jambo lililokuja kujulikana miaka 27 baada ya kifo chake, ambalo watu wengi wakilisikia humhukumu papo hapo. Naona wanamhukumu kwa bei rahisi mno.

Alizaliwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, tarehe 22 Agosti 1880. Ukoo wake ulikuwa wa Wakrioli wenye asili ya Kiafrika, jamii iliyochanganya damu ya Wafaransa, Wahispania na Waafrika. Walikuwa Wakatoliki, wengi wao wakizungumza Kifaransa nyumbani, na familia nyingi miongoni mwao zilikuwa huru tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Babu yake, ambaye naye aliitwa George Herriman, alikuwa fundi cherehani, na baba yake akairithi kazi hiyohiyo. Mtoto alibatizwa katika kanisa la St. Augustine, mtaa wa Tremé. Kanisa hilo lilifunguliwa 1842, na watu huru weusi na machotara waliochangia kulijenga walilipia viti vyao, kisha wakalipia na viti vya watumwa ili nao wapate pa kukaa wakati wa ibada. Hao ndio watu aliotoka kwao. Watu wa ufundi, wa kusoma, wenye kujua thamani yao.

Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa kwamba ni mtu wa rangi. Katika sensa ya mwaka huohuo, familia yake iliandikwa kuwa ni machotara.

Kisha ukaja mwaka 1890. Bunge la Louisiana likapitisha sheria ya kuwatenganisha abiria wa treni, behewa la weupe kivyake, la weusi kivyake. Kwa Wakrioli wa Tremé hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja, kwani walikuwa wamezoea kuishi katika nafasi ya katikati ambayo sheria sasa ilikuwa inaifuta. Hawakukaa kimya. Waliunda kamati, wakachangishana fedha, na mwaka 1892 mmoja wao, fundi viatu aitwaye Homer Plessy, mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kutotambulika, akapanda behewa la weupe kwa makusudi ili akamatwe na kesi ifike mbali. Ilifika mbali. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake na kusema kwamba kuwatenganisha watu si kosa ilimradi huduma ziwe sawa. Uamuzi huo ulihalalisha ubaguzi kwa zaidi ya nusu karne.

Kina Herriman hawakungoja hukumu. Karibu na mwaka uleule wa 1890 walifunga mizigo, wakavuka bara zima hadi Los Angeles, na kule wakaanza kuishi kama Wazungu.

George alikuwa na miaka 10. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu maelezo mengi yanayomhusu huruka haraka na kumtaja kama mtu mzima aliyeamua kuikana asili yake. Mtoto wa miaka 10 haamui. Aliamriwa na wazazi, nao wazazi walikuwa wamesukumwa na sheria. Alipopata akili ya kuamua mwenyewe, uongo huo ulikuwa tayari ndio nyumba anayoishi mama yake, baba yake na ndugu zake. Kuubomoa kungekuwa ni kuwabomolea wote.

Na haukuwa uongo wa kujionesha. Mwaka 1902 Herriman alimwoa Mabel Bridge, mwanamke wa Kizungu, mjini Los Angeles. Sheria ya California wakati ule ilikataza ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi au chotara, na iliendelea kukataza hadi 1948, miaka minne baada ya yeye kufa. Kwa hiyo kama asili yake ingejulikana, hoja isingeishia kwenye minong'ono ya majirani. Ndoa yake ingekuwa batili, na binti zake wawili, Mabel na Barbara, wangeonekana wamezaliwa nje ya sheria. Katika sehemu nyingi za Los Angeles, hati za nyumba zilikuwa na masharti ya kumzuia asiye Mzungu kununua au kukaa. Kazi yake magazetini nayo ingekuwa hatarini. Mtu aliyebeba haya yote mabegani alikaa mezani kila siku akachora vichekesho.

Masomo aliyapata kwa mapadri katika chuo cha St. Vincent, akamaliza 1897. Akaingia gazeti la Los Angeles Herald, katika chumba cha kutengenezea sahani za picha, kwa mshahara wa dola 2 kwa wiki. Napenda kwamba alianzia pale. Siku hizo mchoro wa wino ulipigwa picha, ukahamishiwa juu ya sahani ya zinki, kisha sahani ikatiwa kwenye asidi. Asidi ilikula kila mahali pasipokuwa na mstari, na mstari ukabaki umeinuka, tayari kupakwa wino na kubanwa juu ya karatasi. Kijana aliyeanzia kwenye asidi hujua ni mstari gani utasalimika na upi utatoweka. Ukitazama kalamu yake ya baadaye, mikwaruzo ile mikavu, ile giza la usiku aliyoijaza kwa vistari vilivyopishana, unaona mtu anayejua kitakachotokea kwenye mashine.

Mwaka 1900 alidandia treni ya mizigo hadi New York. Aliganga njaa kwa kupaka rangi mabango katika viwanja vya burudani vya Coney Island na kupigia debe maonesho, akiuza vikatuni kwa jarida la Judge. Mji ule ulikuwa katikati ya vita vya magazeti. Joseph Pulitzer wa New York World na William Randolph Hearst wa New York Journal walikuwa wakigombea wasomaji, wengi wao wahamiaji waliotoka Ulaya juzi tu na Kiingereza chao bado kigumu, na picha za rangi za Jumapili zilikuwa chambo chao kikubwa. Richard Outcault alikuwa amemchora mtoto mwenye upara na kanzu ya njano kwenye gazeti la Pulitzer, na mwaka 1896 Hearst alimnunua Outcault kwa fedha. Kwa hiyo mchora katuni alikuwa mtu wa kugombewa kama mchezaji wa mpira wa leo. Herriman aliingia sokoni wakati mzuri.

Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kuna moja inayonisumbua hadi leo. Mwaka 1902, gazeti la Pulitzer lilichapisha katuni zake chache kuhusu mwanamuziki mweusi aitwaye Musical Mose. Mose anajivika mavazi ya taifa jingine, mara Mskoti, mara Mwairishi, ili aruhusiwe kupiga muziki wake na kulipwa. Wanamtambua. Wanampiga. Mwishoni analalamika kwamba laiti rangi yake ingefifia. Michoro yenyewe ni ya aibu: midomo mikubwa, macho ya kutumbua, ile sura ya dhihaka ambayo karibu kila mchoraji wa wakati ule aliwachora watu weusi. Siwezi kuitetea na sitaki. Lakini nikikumbuka aliyeshika kalamu, naiona ile picha kwa macho mengine. Kijana wa miaka 21, anayeishi kwa kujificha, anachora mtu anayejificha, na anachora kile hasa anachokiogopa, siku ya kugunduliwa. Wasomaji walicheka na kugeuza ukurasa.

Miaka iliyofuata aliruka huku na kule kati ya New York na Los Angeles, kutoka gazeti hadi gazeti, akianzisha mfululizo huu na kuuacha, kuanzisha mwingine na kuuacha. Nyingi hazina haja ya kusimuliwa. La muhimu ni kwamba kufikia 1906 alikuwa amerudi katika himaya ya Hearst, kwenye Los Angeles Examiner, akichora kurasa za michezo. Kazi ya katuni za michezo ilikuwa ngumu: unakwenda uwanjani, unarudi, unachora usiku, asubuhi iko barabarani. Humo aliwachora mabondia, na mkubwa kuliko wote alikuwa Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Wazungu walimtafuta wa kumshinda, wakamtoa Jim Jeffries kwenye kustaafu. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Johnson akamtwanga Jeffries. Usiku ule watu weusi walishambuliwa katika miji mingi ya Marekani kwa sababu ya ushindi wa mtu mmoja.

Herriman alikuwa ameshaitwa New York wakati huo, kwenye Evening Journal ya Hearst. Tangu Juni 1910 alikuwa akichora familia ya Dingbat, watu wa kawaida wanaoishi ghorofani na kuteswa na jirani wa juu yao. Jirani huyo haonekani kamwe. Tunasikia vishindo, tunaona balaa, mtu mwenyewe hatumwoni. Chini ya miguu ya familia hiyo palibaki nafasi tupu kwenye kila kisanduku, na Herriman, mtu asiyependa karatasi ikae bure, akaanza kuijaza kwa mambo ya wanyama wadogo wa nyumbani. Tarehe 26 Julai 1910, wiki tatu baada ya pambano la Reno, panya akamrushia paka kitu kichwani.

Alikuwa anajaza nafasi tu. Lakini wahariri wakapenda, wasomaji wakapenda, paka na panya wakapewa kamba yao wenyewe, yaani safu yao ya visanduku vya picha, chini ya ile ya familia, na tarehe 28 Oktoba 1913 Krazy Kat ikaanza kutoka peke yake, kila siku. Tarehe 23 Aprili 1916 ikapata ukurasa mzima wa wikendi.

Ukurasa ule ndio ulionifunga. Kamba ya kila siku ina mipaka, visanduku vinne au vitano vinafuatana, kichekesho kinakuja mwisho. Ukurasa mzima ulimpa uwanja. Alivunja visanduku, akavirefusha, akaviviringisha, akaviacha bila mipaka, akaweka picha ya mwisho pembeni kama jicho linalochungulia. Na nyuma ya wahusika, nchi yenyewe haitulii. Krazy anaanza kuongea chini ya mti. Katika picha inayofuata, hajasogea hatua, mti umekuwa mwamba. Katika ya tatu mwamba umekuwa nyumba na mchana umekuwa usiku. Mwezi umening'inia kama ganda la tikiti. Wahusika hawashangai. Hakuna anayeeleza. Mazungumzo yanaendelea.

Nchi hiyo aliiita Coconino, jina la wilaya halisi ya Arizona. Mchora katuni mwenzake, Jimmy Swinnerton, alikuwa amehamia kwenye jangwa kutafuta hewa ya kutibu mapafu, naye akawavuta marafiki zake waje kuona. Herriman alipofika penye vilima vile vya mawe mekundu vilivyokatwa bapa juu, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile, kwenye bonde liitwalo Monument Valley, aliona mahali pake. Alirudi mara nyingi na kufikia kwa John na Louisa Wetherill, wenye duka la kubadilishana bidhaa pale Kayenta. Michoro ya mazulia na vyungu vya Wanavajo iliingia kwenye pambo za kurasa zake. Nadhani naelewa kwa nini jangwa lilimkaa moyoni. Kule, kivuli kikihama, mlima unabadilika sura na rangi mara kadhaa kwa siku, na hakuna anayeuuliza mlima cheti.

Lugha ya Krazy nayo haikukaa mahali pamoja. Ni Kiingereza kilichopikwa na Kihispania, Kifaransa, lafudhi ya mitaa ya New Orleans, na maneno ya Wayahudi wa New York. Maneno yanaandikwa yanavyosikika. Msomaji anayetoka mbali na Marekani hulazimika kukisoma kwa sauti, na kinaposikika ndipo kinapofunguka.

Hata jinsia ya Krazy haikutulia. Picha hii anaitwa kwa namna ya kiume, picha ile kwa namna ya kike. Mwongozaji wa filamu Frank Capra alimuuliza Herriman ni yupi, na Herriman akamjibu kwamba aliwahi kujaribu kumfanya wa kike lakini hakuwa Krazy tena. Krazy ni kama kibwengo, kiumbe kisicho dume wala jike, huru kuingia popote.

Wanaotaka kumsoma Herriman kama fumbo moja la rangi wana ushahidi wao, nami sitaukataa. Kuna ukurasa wa 1921 ambamo Krazy, paka mweusi, anaingia saluni na kutoka amekuwa mweupe. Ignatz anamwona na kumpenda pale pale. Baadaye anagundua kwamba mrembo yule ni paka yuleyule, na tofali linaruka. Katika kurasa nyingine ni panya anayechafuka masizi, na Krazy hamtambui, tofali lake halina tena utamu. Mtu yule yule, moyo ule ule, ngozi imebadilika na mapenzi yameyeyuka. Haya yalichapishwa katika magazeti ya nchi nzima, jina la mchoraji likiwa limesainiwa chini.

Hata hivyo nakataa kuyageuza maisha yake yote kuwa siri iliyofungwa kwa ufunguo mmoja. Zipo mamia ya kurasa ambazo ni mchezo wa upepo, wa mwezi, wa mbegu, wa mlango usiokuwa na nyumba. Alichora hivyo kwa sababu alipenda. Mtu akiwa na jeraha, si kila neno lake ni kilio.

Wasomi walimgundua mapema. Januari 1922, mtunzi wa muziki John Alden Carpenter alipeleka Krazy Kat jukwaani New York kama dansi ya kuigiza bila maneno, Herriman mwenyewe akichora mandhari na mavazi. Mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes alitoa kitabu cha kutetea sanaa za umma, filamu, jazi, sarakasi, na humo akaandika kwamba Krazy Kat ndiyo kazi ya sanaa inayoburudisha na kutosheleza kuliko zote zilizokuwa zikitengenezwa Marekani wakati huo. Fikiria uzito wa maneno hayo kwa kitu ambacho kesho yake kilifungiwa samaki. Baada ya kifo cha Herriman, mshairi E. E. Cummings aliandika utangulizi wa mkusanyiko wa kwanza mkubwa wa katuni hizo, mwaka 1946.

Umma wenyewe, lazima tuseme ukweli, haukuipenda sana. Wengi hawakuielewa. Wahariri wa magazeti ya mikoani waliitoa au kuificha. Aliyeikinga ni Hearst. Kuna mengi ya kumlaumu Hearst: magazeti yake yalichochea vita, yalipandisha chuki, yaliuza uzushi. Lakini kwa Herriman alisimama kama mwamba. Ukurasa wa wikendi aliuweka katika sehemu ya sanaa na tamthilia, mbali na mikono ya wahariri wa vichekesho. Mhariri aliyeiondoa aliamriwa airudishe. Malipo yalifika dola 750 kwa wiki, fedha nyingi sana kwa zama hizo, na wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Herriman alipoomba apunguziwe kwa kuona katuni yake hailipi, inasimuliwa kwamba Hearst alikataa. Kufikia 1944 ilikuwa inatoka katika magazeti 35 tu, wakati katuni nyingine zilikuwa katika mamia. Kwa hesabu ya biashara ilipaswa kuzimwa zamani. Najiuliza ni sanaa ngapi duniani zilizimwa kwa kukosa tajiri mmoja mkaidi, nami swali hilo linaniumiza.

Sasa kofia.

Katika picha karibu zote za Herriman utamkuta na kofia ya Stetson, ndani ya nyumba, ofisini, mezani akichora. Wenzake walikuwa na maelezo yao. Wengine walifikiri anaficha uvimbe. Wengine waliona ni tabia tu. Rafiki mmoja alikumbuka kwamba Herriman aliwahi kumdokezea kuwa yeye ni Mkrioli na pengine ana damu ya Kiafrika, kwa sababu nywele zake ni za kipilipili. Ofisini walimwita Mgiriki. Walishindwa kumweka katika kundi lolote, wakambandika hilo, naye hakuwasahihisha. Wote waliomfahamu walisimulia upole wake: mwenye haya, mnyamavu, asiyeamini kwamba kazi yake ina ubora wowote, aliyewashukuru waliomsifu kwa mshangao wa kweli. Nyumba yake ya Hollywood, alikohamia 1922, ilijaa mbwa na paka wa kuokota. Kuna wanaouona unyenyekevu ule kama tabia ya kuzaliwa nayo. Mimi naona pia mazoea ya mtu aliyejifunza tangu utotoni kutovuta macho ya watu.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya msiba. Septemba 1931 mkewe Mabel alifariki baada ya ajali ya gari. Hakuoa tena. Mwaka 1939 binti yake mdogo, Barbara, akafa akiwa na miaka 30. Mwenyewe alikuwa mgonjwa: mwaka 1938 alipasuliwa figo, na baridi yabisi ilimshika mikono, ile mikono. Ndipo mistari ilipozidi kukwaruza na kuvunjika, na ndipo, kwa maoni yangu, alipochora vizuri kuliko wakati wowote. Tangu 1935 ukurasa wa wikendi ulikuwa wa rangi, na rangi zile ni za jangwa kabisa: udongo mwekundu, anga la zambarau, njano ya jua la saa kumi na mbili jioni. Mtu aliyezika mke na mtoto, vidole vikimuuma, akaketi wiki baada ya wiki kuchora paka anayepigwa tofali na kulipokea kama barua ya mpenzi. Sijui kazi nyingine ya kuchora inayonigusa hivi.

Alikufa usingizini tarehe 25 Aprili 1944. Mezani aliacha kamba za wiki nzima zilizochorwa kwa penseli, wino bado. Ukurasa wake wa mwisho ulitoka tarehe 25 Juni mwaka huo. Desturi ya magazeti ilikuwa kumpa mtu mwingine kalamu na kuendelea kuuza jina, lakini safari hii hakuteuliwa mwingine. Katuni ikafa na mwenyewe. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya Monument Valley, kama alivyotaka.

Cheti cha kifo kilisema ni Mzungu. Binti yake aliyebaki alieleza kwamba baba wa Herriman alizaliwa Paris na mama yake alitoka Alsace-Lorraine. Iwe alijua ukweli na kuulinda, au naye alikuwa ameambiwa hivyo, maneno hayo yalisimama kwa robo karne.

Mwaka 1971, mwanasosholojia Arthur Asa Berger alikuwa akiandaa maelezo ya maisha ya Herriman kwa ajili ya kamusi ya watu mashuhuri wa Marekani. Aliagiza nakala ya cheti cha kuzaliwa kutoka New Orleans. Kilipofika, palikuwa na neno lile: mtu wa rangi. Mwaka uliofuata, mwandishi mweusi Ishmael Reed alimtunukia Herriman riwaya yake Mumbo Jumbo, na kwa ishara hiyo akamkaribisha nyumbani. Wengine hawakutaka kuamini. Kwa miaka mingi wapenzi wa katuni walibishana kwamba huenda karani alikosea, kwamba huenda ni George Herriman mwingine. Ilibidi mwandishi wa habari Michael Tisserand afukue kumbukumbu za ubatizo, sensa na hati za mali za New Orleans hadi alipochapisha wasifu mnene mwaka 2016, na sasa hakuna shaka.

Nimesikia watu weusi wakisema aliwakimbia. Nayaelewa maumivu hayo, kwani kila aliyepita upande wa pili aliwaacha waliobaki wabebe mzigo peke yao. Na nimesikia Wazungu wakisema rangi yake haina umuhimu, tazama kazi tu. Hao siwaelewi kabisa, maana rangi hiyohiyo ingetosha kumnyima kalamu. Kati ya sauti hizo mbili mimi namwona mtoto wa miaka 10 kwenye treni ya kwenda California, na nawaona wazazi wanaomfundisha nini asiseme. Aliyeandika sheria ya mabehewa hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Herriman ndiye anayedaiwa kila siku.

Kwa anayetaka kumsoma: kurasa zilizochapishwa kabla ya 1929 haki zake za kunakili zimeshakwisha Marekani, na nyingi zinapatikana mtandaoni bila malipo zikiwa zimenakiliwa vizuri. Usianze na kamba za kila siku, anza na kurasa nzima za 1918 na 1919. Soma moja kwa siku, zisizidi mbili, kama zilivyokusudiwa. Soma maneno kwa sauti hata kama Kiingereza chako hakikuruhusu kuelewa yote. Kisha rudi mwanzo wa ukurasa, sahau paka na panya, na utazame milima iliyo nyuma yao tu, picha moja baada ya nyingine. Na ukipata toleo la rangi la 1937 au 1938, linunue hata likiwa limechakaa.